Mwonjaji Mkuu wa Uwanja wa Bembea

Jumatatu, 5 Machi 2012

Akello haruhusiwi kula karanga. Amesema mama yake, Dorka, saa kumi na dakika kumi jioni, akiwa amepanda juu ya tairi la bembea ili asikike. Hakuhitaji tairi. Dorka huuza mitumba ya Sirari, sauti yake ni ya mnadani. Mtoto ana miaka minne. Akila karanga midomo huvimba, kisha koo, kisha pumzi huwa ya kutafuta. Daktari huko Musoma ameiita aleji. Wazazi tulikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Bibi Wegesa aliudhika. Alikuja kutoka Itiryo kulea wajukuu wakati mwanawe anachimba dhahabu, na kila jioni hugawa karanga za kukaanga kwa kila mtoto aliyepo. Kwetu ukimzuia mtoto kula cha mtu, umemwita mtu huyo mchawi. Akauliza kama karanga zake zina sumu. Dorka akasema shikamoo bibi, hapana bibi, ni mwili wa mtoto tu. Bibi akafanya afanyacho mtu mwenye heshima zake. Akachukua karanga tatu, akatafuna mbele yetu, akameza, akafungua mdomo tukague. "Nimeonja! Mmeniona?" Kisha akamnyooshea Akello kiganja.

Dorka alimbeba mwanawe akaondoka bila kuaga. Uwanja mzima ukanuna.

Mimi nikapata wazo. Duara langu, shimo ninalochimbia dhahabu, limejaa maji tangu Januari. Veronika, mke wangu, hupikia wachimbaji na kula hukohuko. Mimi nabaki kumlea Neema, na saa kumi jioni huwa nina njaa ya kuona nyota.

Jumanne, 6 Machi

Nimejiteua Mwonjaji wa Uwanja. Nimewaeleza wazazi kwamba mwenye chakula kuonja chakula chake ni sawa na mshtakiwa kujihukumu. Anahitajika mtu baki. Bibi Wegesa ameafiki haraka, maana sasa watashukiwa wote.

Simon, yule mwenye mashine ya kusaga mawe, ameuliza nitaijuaje aleji kwa ulimi. Nimemjibu kuwa ulimi huu umekula Tarime, Mugumu hadi Migori na haujawahi kudanganywa. Akasema hata mbuzi wa pale senta ya maduka wana sifa hizo. Wivu!

Vilivyoonjwa leo: mandazi manne, viazi vitamu, yai la kuchemsha, chapati ya mtoto wa Simon. Chapati niliionja mara tatu. Nilikuwa na mashaka nayo.

Jumatano, 7 Machi

Dorka amerudi. Akello alililia bembea usiku kucha, na chumba chao ni kimoja, bati juu, majirani pande zote. Amenivuta pembeni. Hataki kitu kionjwe. Anataka tu mtu wa kuwaambia wenzetu wasimpe Akello chochote, kwa sababu yeye akisema anaonekana anaringa. "Baba Neema, nakuomba hilo moja tu. Mtoto huyu ninaye mmoja."

Nimemhakikishia kwamba hakuna kitakachoingia kinywani mwa Akello kabla hakijapita kinywani mwangu. Alifumba macho, akatikisa kichwa. Nadhani ndivyo anavyoshukuru.

Alhamisi, 8 Machi

Simon naye ameanza kuonja! Amekuja na kijiko chake. Nimemuuliza nani kamteua. Akasema aliyeniteua mimi. Tumegombea sahani moja ya kande mpaka ikamwagika. Kuku wa ofisi ya kata waliionja bila kuulizwa.

Uamuzi wangu: kesho nitamtangulia kwa kila chombo.

Ijumaa, 9 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio ili lawama zigawanywe vizuri.

Saa kumi na moja kasoro tano, Bernadetha, mzazi mgeni, aliingia na chupa ya uji. Dorka alikuwa getini akimwonyesha mteja gauni. Simon alinyanyua kijiko. Nilikimbia, nikafika kwanza, nikanywa vikombe viwili. Uji mzito, mtamu, una mafutamafuta ya kupendeza. Nikatangaza: "Safi!" Bernadetha akamjazia kikombe kila mtoto, na Akello naye, kwa kuwa mwonjaji ameshapitisha.

Unga ulisagwa pamoja na karanga. Bernadetha alisema angetuambia kama tungemuuliza. Hatukumuuliza. Tulionja.

Akello alifika nusu ya kikombe. Midomo ikavimba kama ya aliyekumbatia mzinga wa nyuki. Kisha akaanza kukohoa, kisha kikohozi kikakosa sauti. Dorka alitupa gauni, akamnyakua mtoto. Simon alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikabaki na kikombe mkononi.

Zahanati walimpiga sindano. Saa kumi na mbili na robo alikuwa anapumua na kulilia bembea. Muuguzi amesema dakika kumi zaidi na tungekuwa tunachanga za msiba.

Nilikwenda kumweleza Dorka kwamba mimi nilikunywa vikombe viwili na sikuvimba hata kidogo. Akasema, "Wewe Waitara, na tumbo hilo, ungevimba tungejuaje?"

Bibi Wegesa alitembea kwa mguu hadi zahanati. Alikaa chini, kwenye sakafu, karibu na kitanda cha mtoto. Karanga zake hakuja nazo.

Jumapili, 11 Machi

Kikao baada ya ibada. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Heche, aliongoza. Nilitarajia pongezi kwa kuwa mimi ndiye niliyethibitisha kwamba aleji ipo. Hazikuja.

Bibi Wegesa ndiye aliyesimama kwanza. Amesema alidhani anatuhumiwa, kumbe alikuwa anaombwa. Tangu leo, mtu akitaka kumpa Akello kitu atamuuliza kwanza mama yake, na ataanza yeye bibi, na umri wake huu. Akamgeukia Dorka, akauliza mbele ya watu kama ndizi inaruhusiwa. Dorka akasema inaruhusiwa, bibi. Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa ndizi!

Cheo cha mwonjaji kimefutwa. Chakula chote kitaachwa getini na kuliwa wakati wa kuondoka.

Nikaona kasoro hapohapo. Vyakula vya familia kumi na moja vikiachwa peke yake getini, saa nzima! Nimejitolea kuwa mlinzi. Simon alicheka mpaka akashika ukuta. Dorka ameomba kura ya wazi. Heche amesema uamuzi utatolewa Jumatano tarehe 14, saa tisa alasiri.

Nimemwambia Veronika siku hiyo asiniwekee chakula cha usiku.