Wudchaki na Kofia ya Kamati

Jumapili, 10 Agosti

Kofia iko wazi! Mzee Mahlon Reber amehamia kwa binti yake Florida na kuiacha kofia yake ndefu nyeusi kwenye Kamati ya Wudchaki. Kofia saba, vichwa sita. Jumamosi hii, kwenye maonyesho ya wilaya, watamchagua wa saba. Atapanda kilimani tarehe mbili Februari, alfajiri, theluji magotini, bendi ikipiga, kumtoa shimoni wudchaki, kindi mnene wa ardhini anayelala baridi nzima, na kumwuliza kama baridi imekwisha au bado. Miaka thelathini nimetazama shughuli ile nikiwa chini ya kilima, na kofia ya sufu. Inatosha!

Wagombea tuko wawili. Mimi, Lamar Kistler, dereva mstaafu wa basi la shule. Na jirani yangu Harlan Gruber, mwenye sifa moja tu duniani: anaweza kusema "Wudchaki angechukua kuni chache ama chungu nzima kama wudchaki angekuwa mchukuzi wa kuni?" mara kumi na tatu kwa pumzi moja. Watu humshangilia mpaka wanatokwa na machozi. Mimi nikijaribu mara mbili, ulimi unafunga fundo. Leo nimejaribu kanisani, kwa kunong'ona, nikamtemea mate mama aliyekaa mbele yangu.

Halafu, katikati ya mahubiri, wazo likanijia. Wilaya nzima inauliza swali lile, miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja aliyelijibu! Mimi nitalijibu. Jukwaani. Wudchaki hai, rundo la kuni, mizani. Kamati itanivisha kofia kabla sijamaliza kupima.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana jioni nilitega mtego wa sanduku kando ya maharage ya Verna, mke wangu. Chambo, kipande cha tikiti. Wudchaki wanatumalizia maharage kila mwaka, nami huwakamata na kuwapeleka mbali kwa gari, ng'ambo ya kilima, kwenye msitu mzuri wenye kivuli. Sina moyo wa kuua. Verna aliuliza huyu nampeleka wapi. Nikamwambia huyu haendi popote, ana kazi.

Asubuhi mtego umefungwa! Nikatoka mbio na nguo za kulalia. Ndani giza, kitu kinatikisika. Nikafungua nimsalimie.

Kicheche. Akanimwagia uvundo wake wote.

Verna amenisuuza kwa bomba la bustani, magadi na juisi ya nyanya, pua ameibana kwa kibanio cha nguo. Chakula cha mchana nimepewa kupitia dirishani. Ameuliza akili zangu huwa naziweka wapi. Moyo wangu haujavunjika hata kidogo!

Jumanne, 12 Agosti

Nimempata! Mnene kama mto wa kitanda, miguu mifupi, meno ya mbele kama patasi. Ananitazama kama mtu aliyekuja ofisini kudai haki yake. Nimemwita Meya. Kwa brashi ndefu nimempaka namba moja ya buluu mgongoni, aonekane mpaka viti vya nyuma.

Mazoezi saa nne mfululizo. Nilimpangia vijiti kumi vikavu. Alichokula: nusu tikiti, glavu yangu, mpini wa ufagio. Vijiti alivyobeba: hakuna. Nikavipaka siagi ya karanga. Akavilamba vyote kwa makini, akaviacha palepale.

Kisha akachoropoka, akaingia jikoni. Verna alikuwa anakoroga supu ya kuku na mahindi. Hakuacha hata kukoroga. Akainama, akamkamata shingoni kwa mkono mmoja, akamrudisha sandukuni. Amekulia shambani, kwake hayo si kitu. Mimi nilikuwa juu ya meza, nikisimamia zoezi.

Jumatano, 13 Agosti

Maktaba. Bi. Odette, mkutubi wetu, ana habari mbili. Ya kwanza mbaya: jina la wudchaki, kwa lugha yetu, linasikika kama lina kuni ndani yake, lakini halina. Ni neno la wenyeji wa kwanza wa misitu hii, wazee wetu wakalikoroga. Mnyama hana habari na kuni. Nimemwomba Bi. Odette asimwambie mtu mpaka Jumapili.

Ya pili nzuri ajabu! Wudchaki hubeba majani makavu kwa mdomo na kutandika kitanda shimoni mwake. Kwa hiyo ni mchukuzi! Anachokosa ni nyumba tu. Nimetumia mchana kutwa kugeuza pipa la mbao kuwa nyumba: mlango, paa, jina lake juu. Nikamwingiza, nikafunga, nikaenda kunywa kahawa.

Niliporudi pipa lilikuwa na milango miwili. Wangu na wake. Meya hayupo. Nimekaa juu ya ndoo, sitaki kuongea na mtu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mambo makubwa! Niko kwenye mahindi, namtafuta Meya kwa kumpigia mluzi, nikaona pikapu ya Harlan inasimama kimyakimya kando ya kijito nyuma ya ghala langu. Akateremsha kitu kilichofunikwa turubai. Mtego. Akaufungua, akatoka wudchaki mwenye namba moja ya buluu mgongoni, mbio moja kwa moja kwenye maharage ya Verna.

Nikachomoka. "Harlan! Kumbe ni wewe unayenimwagia wudchaki!"

Akawa mwekundu kama nyanya. "Jirani, tulia kwanza. Na wewe wa kwako unawapeleka wapi?"

Nikamwambia kwa fahari: mbali, ng'ambo ya kilima, msitu wenye kivuli.

"Msitu wenye trekta jekundu bovu?"

Huohuo, nikasema.

"Lamar, ule msitu ni wangu."

Miaka kumi na moja. Mimi naendesha gari kwenda kule, yeye anaendesha kuja huku, mnyama anakula pande zote mbili. Verna aliyasikia yote akiwa bustanini, huku Meya akining'inia mkononi mwake. Alicheka mpaka akakalia kikapu cha maharage.

Nimetafakari jambo hili kwa utulivu. Nilichofanya mimi ni huruma kwa viumbe. Alichofanya Harlan ni uhuni. Mtu wa namna hiyo hafai kuvaa kofia.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi. Kuni: sifuri. Ila leo alikigusa kijiti kimoja kwa pua! Nadhani anajihifadhi kwa ajili ya kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kabla sijavua viatu.

Watu mia tatu. Wanakamati sita wamekaa jukwaani na kofia zao, ya saba iko juu ya kimeza, imepigwa brashi, ina utepe. Harlan alianza. Mara kumi na nne! Pumzi moja! Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Zamu yangu. Nikaweka mizani. Nikaweka kuni. Nikatangaza kwamba leo swali la babu zetu linapata jibu. Mwenyekiti, Mzee Ezra Kleinfelter, akasogeza kiti mbele. Nilikuwa karibu sana na ile kofia, ningeweza kuigusa. Nikafungua sanduku.

Meya akatoka. Akasimama kwa miguu miwili. Akatazama watu. Akatazama kuni. Akapiga mluzi mmoja mkali, akaruka kwenye kimeza, akaing'ata kofia ukingoni na kuondoka nayo!

Akaburuta kofia jukwaa zima mbele ya macho yetu, akazama nayo chini ya mbao. Tukasikia inachanwa. Polepole. Anatandika kitanda.

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Haya Lamar, kuni ngapi?" Nikajibu kwa sababu sayansi ni sayansi: kuni sifuri, kofia moja. Walicheka mpaka viti vikaanguka. Mzee Ezra hakucheka. Aliinama chini ya jukwaa amtoe mnyama, akatoka ananyonya kidole. Kidole kilekile kilichoumwa Februari, na Februari ya kabla yake.

Ndipo Verna akaja kutoka meza ya pai, na aproni yake. Akamwambia Mzee Ezra, "Samahani, baba, hebu nipishe." Akatambaa chini ya jukwaa na kiganja cha maharage. Akatoka na Meya kwapani, ametulia kama mtoto aliyeshiba, masikio yamejaa nyuzi za hariri za kofia.

Wale wazee sita wakatazamana. Mzee Ezra akatazama kidole chake. Akasema miaka yote wamekuwa wakitafuta mtu wa kusimama kwenye kamati, kumbe walihitaji mtu wa kumshika mnyama. Wakanyoosha mikono palepale. Wote sita.

Verna! Mwanamke wa kwanza kwenye kamati! Watu wote wakasimama, na mimi nilipiga makofi kuliko wote, nikapaza sauti kwamba yule ni mke wangu, yule ni wangu! Nikaendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka kwamba nimeshindwa, nikakaa.

Jumapili, 17 Agosti

Verna ameshapimwa kichwa. Kofia mpya itakuwa tayari kabla ya theluji. Harlan amekuja kumpongeza, ameleta pai, ameniambia kwa upole kwamba wote wawili tumepigwa chini na mtu ambaye hata hakugombea. Verna amesema atanitafutia nafasi ya kubeba kikapu cha maharage, Februari, chini ya kilima. Amenishika mkono akisema hivyo. Nimeguswa.

Lakini nimechunguza kosa lilikuwa wapi, na sasa naliona wazi. Mpango ulikuwa sahihi kabisa. Mnyama ndiye hakufaa.

Bwana Ike Lesher wa kamati amelalamika leo kanisani kwamba magoti hayataki tena kilima. Na nyuma ya ghala nimeona nungunungu. Nungunungu anatafuna mbao kwelikweli! Mtego nimeshautega. Verna nitamwambia baadaye.