Kitufe cha Wote

Kasiani Nampota,
Fundi Cherehani,
Chikongola, Mtwara.
14 Agosti 2006.

Kwa Mpangaji wa Menyu za Simu,
Popote ulipo,
Kwa mkono wa Amiri muuza simu.

Ndugu Mpangaji,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KITUFE CHA "WOTE"

Natumaini u mzima na familia yako haijambo. Mimi afya ninayo, furaha ndiyo sina. Ni fundi cherehani, mgane, umri miaka hamsini na minane, na mwezi uliopita nilinunua simu yenye menyu uliyoipanga wewe. Amiri aliyeniuzia anasema hakujui. Mimi nasema mtu aliyepanga vitu namna hii lazima yupo mahali, na Amiri asipomfikishia barua hii sitamshonea tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu yako haina adabu. Nikiiwasha asubuhi inaniambia "Chagua". Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Hata mteja anayekuja kunigombeza kwa sababu ya suruali yake huanza na hodi.

2. Umepanga vyumba hovyo. Nyumba ya mtu mwenye akili ina baraza mbele, vyumba vya kulala ndani na jiko uani. Kwako wewe, kutafuta pa kuandikia ujumbe nilipita kwenye saa, nikapita kwenye kikokotoo, nikaingia kwenye mchezo wa nyoka nikafa mara tatu, ndipo nikafika. Nilipobonyeza "Rudi" sikurudishwa nilikotoka, nilitupwa nje kabisa. Ningekuwa nashona hivyo, wateja wangekuwa wanatafuta mifuko mgongoni.

3. Inanishuku. Hapa naomba usome taratibu. Msimbati kuna mjane anaitwa Rozalia, anauza pweza wakavu. Nampenda huu mwaka wa pili na sijawahi kumwambia. Nimempima gauni mara tisa, na gauni lenyewe ni moja. Mshenga sina, kwa kuwa ninaowafahamu wote wana midomo, basi nikaona simu ndiyo iwe mshenga wangu. Nikaandika: "Nakupenda. Naomba tuoane. Kasiani." Simu ikauliza, "Una uhakika?" Nikabonyeza Ndiyo. Ndugu Mpangaji, nimeandika neno hilo kwa jasho la miaka miwili, halafu kidude cha kiganjani kinaniuliza kama nina uhakika.

4. Kisha ikauliza: "Tuma kwa Mmoja au Wote?" Mimi nimelelewa. Tangu darasa la pili nimefundishwa kwamba barua haifungwi bila kuwasalimu wote, na ukimtaja mmoja ukawaacha wengine, ukoo utakuita kikao. Nikadhani inaniuliza habari ya salamu. Nikabonyeza Wote.

Kwenye simu yangu mna majina thelathini na moja. Padri amejibu, "Mwanangu, njoo tuzungumze." Selemani muuza mkaa, niliyesoma naye, amejibu kwamba ananiheshimu sana lakini tayari ana wake wawili. Halima, Myao, mtani wangu, hakujibu kwa simu. Alikuja na mkeka kwapani, akautangazia mtaa kwamba amekubali, akamkamata jogoo wangu akisema ndiyo mahari yake. Jana kapanda gari kwenda Msimbati, yeye na jogoo, kumsalimia mke mwenzake, maana gauni moja kupimwa mara tisa mtaa mzima umeona. Mtani humkatazi.

Rozalia peke yake ndiye hajajibu. Leo siku ya nne. Nimeharibu mashati matatu, moja nimelitia mikono miwili upande mmoja. Nampenda yule mama, Ndugu Mpangaji, na nahisi nimempoteza kwa kidole gumba.

5. Kwa hiyo naomba kitufe cha "Wote" kiondolewe katika simu zote duniani kabla ya Ijumaa. Mahali pake kiwekwe kitufe cha "Mshenga", ambacho kitakaa na ujumbe siku tatu, kiulizeulize tabia za muoaji, kikohoe mlangoni, ndipo kiseme. Ikishindikana, simu zote zikusanywe zirudishwe kiwandani, nasi tuandikiane barua.

Nisalimie mkeo, watoto, wazazi, majirani, mafundi wenzako, na wote wanaonifahamu na wasionifahamu.

Ni mimi mwenye majonzi,
Kasiani Nampota.

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha nikasikia hodi. Ni Rozalia. Anasema tangu Alhamisi kuna kibahasha kinawaka na kuzimika kwenye kioo cha simu yake, naye hakujua pa kukifungulia. Alidhani simu inaumwa, akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini ipumzike. Habari zangu amezipata kwa Halima na jogoo. Aliweka kapu chini, akanitazama, akasema, "Kasiani, ungenitumia peke yangu ningezeeka bila kujua. Haya, nipime mara ya kumi, na safari hii ushone."

Kwa hiyo kitufe cha Wote usikiguse. Kama nafasi ipo, kiongeze ukubwa. Mwaliko wa harusi nimeshautuma kwa simu. Namba yako sina, lakini nimebonyeza Wote, nadhani na wewe umo. Ukiona kibahasha kinawaka na kuzimika na hujui pa kukifungulia, usihangaike. Halima atapita kukuambia.