Ombi la Kumfanyia Mama Mkwe Matanga Akiwa Hai

Kwa Mwenyekiti, Bwana Mulei,
Wendo Welfare,
Mukuyuni.

Bwana Mwenyekiti,

YAH: MAANA YA WELFARE

Bwana asifiwe. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo. Sisi hapa kwangu tuko salama wote, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

1. Msichana wangu Mutindi, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, ameniambia kwamba welfare maana yake ni hali njema ya mtu. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Welfare yetu haijawahi kumsaidia mtu ambaye bado anapumua! Upepo ulipobeba mabati yangu, katibu alinijibu kwa upole kwamba mabati si kifo.

2. Nimemenya viazi katika kila matanga ya kikundi hiki, hata ya watu nisiowajua sura. Kwangu hamjapika hata chai. Kosa langu ni kwamba watu wa boma hili wanakataa kufa. Mwaitu Kasyoka, mama mkwe wangu, aliugua mwaka jana hadi mkaja kupima mahali pa hema. Mkiwa mnapima, akaamka akaitisha sahani ya muthokoi. Yule wa hema alimwangalia kama mtu asiye na adabu.

3. Halafu hizi sifa. Marehemu Mwau tulimsifu kwa ukarimu mpaka pasta akatuomba tufupishe. Alipokuwa hai tulimwita mchoyo, na mimi ndiye nilikuwa naongoza. Sasa yeye alisikia gani? Kusema ukweli, inaniuma.

4. Kwa hivyo naomba Jumamosi hii Mwaitu afanyiwe matanga yake kamili. Hema lije, viti, masufuria makubwa, kwaya, na tishati zenye picha yake. Yeye atakaa mbele kwenye kivuli. Hatasumbua mtu, isipokuwa mkidanganya kwa wasifu wake, hapo atawarekebisha.

5. Akifa kweli hatutawaita, tutamzika wenyewe kimyakimya. Na mkiona imefaa, tuendelee kwa zamu, kila mwanachama afanyiwe yake akiwa na meno ya kutafuna. Waliokufa wangoje kidogo. Wao hawana haraka.

Sijakasirika, Mwenyekiti. Ni vile Mwaitu amenilea miaka mingi kuliko mama aliyenizaa, na siku hizi anasinzia hata akila. Naogopa tutamwambia mambo mazuri wakati hasikii tena.

Nisalimie mama watoto, kwaya yote, yule wa hema, na pia katibu, ingawa yale mabati sijayasahau.

Ni mimi wenu wa viazi,
Nzisa Nyamai

N.B. Nimemsomea Mwaitu barua hii kabla ya kuituma. Akauliza wasifu wake utasomwa na nani. Nikasema ni mimi. Akasema basi nianze, kwani yeye si yuko hapa? Mwenyekiti, nilikaa kando ya kitanda nikalia tu, naye akanishika mkono akangoja. Halafu nikaanzia siku niliyoletwa hapa nikiwa bibi arusi, nikaunguza mchele wa wageni, naye akawaambia wote kwamba ni yeye ameunguza. Amenirekebisha: haikuwa mchele, ilikuwa nyama. Kwa hivyo hema usilete. Jumamosi sina nafasi, bado niko kwa mwaka wa kwanza wa wasifu wake.