Mlango wa Choo na Malengo ya Ubora

Jumatatu, 3 Machi 2025
Waraka umefika kutoka kaunti ya Nyamira. Kila chekechea ibandike ukutani malengo ya kuboresha huduma, mahali wazazi wanapopita. Ijumaa anakuja Bosire, afisa wa ubora. Akishatoa ripoti, kamati ya wazazi itachagua mwalimu mkuu wa kudumu: mimi, niliyekaimu miaka miwili hapa Ekerenyo bila shukrani, au Persis, mwalimu mwenzangu, mwenye tabasamu la mtu anayejua kitu.

Persis amebandika tayari. “Watoto wote wanawe mikono kabla ya uji. Leo wamenawa 9 kati ya 31.” Tisa! Ukutani! Mwanamke anaanika aibu ya shule barabarani na kuiita ubora.

Mimi nimeandika malengo kumi na mawili kwenye karatasi ya manila. Kompyuta. Ukumbi. Basi la manjano. Hayo ndiyo malengo.

Jumanne, 4 Machi
Nilimtumia Bosire picha ya malengo yangu. Akajibu kwamba anataka lengo moja, linaloonekana kwa macho, lenye picha ya kabla na picha ya baada. Kuhusu basi la manjano, aliniombea heri tu.

Lengo gani? Shule yangu haina kasoro! Paa halivuji. Choo cha watoto kilipata mlango mpya Novemba. Watu wa ofisini hawajui kwamba mtu aliyefanya kazi yake vizuri hana pa kuboresha. Hiyo ndiyo adhabu ya bidii katika nchi hii.

Saa kumi jioni nikapata wazo. Pasipo na kasoro, kasoro hutengenezwa.

Jumatano, 5 Machi
Watoto walipoondoka niling'oa mlango wa choo. Skrubu sita, jasho debe. Nikapiga picha ya kabla. Inasikitisha sana. Nzuri mno! Nikabandika: “Choo cha watoto kiwe na mlango kufikia Ijumaa.” Mlango nikauficha nyuma ya banda ambako wakulima huuzia majani ya chai.

Persis alikuwa amesahau mwavuli, akarudi. Akauliza mlango uko wapi. Nikasema mchwa. Akatazama bawaba, zimebaki safi zinang'aa. Akasema kumbe mchwa wa Ekerenyo siku hizi wana bisibisi.

Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Watoto wamekataa choo kisicho na mlango. Kufikia saa nne, wanne wamejikojolea. Mmoja alinilowesha kiatu.

Halafu wazazi wakaanza kusoma ukuta! Miaka miwili nabandika matangazo, hakuna anayetupa jicho; leo wamejaa. Nyanchoka, nyanya anayemleta mjukuu wake, aliniita tata, yaani baba, kwa upole wa kutisha. Akauliza kama ule mlango si wa mkaratusi wake mwenyewe, aliokata akatoa mbao bure. Nikasema nitafuatilia.

Jioni nikaenda kuuchukua. Ilikuwa siku ya kununua majani. Anyona, karani wa banda, alikuwa ameulaza mlango juu ya mawe na wakulima wanamwaga majani juu yake kuyachambua. Nikamwambia ni mali ya shule. Akasema, mwalimu, meza ikijileta yenyewe ni baraka, unataka watu wachambulie matopeni? Foleni ilifika barabarani. Akaahidi kuuleta mwenyewe asubuhi.

Ijumaa, 7 Machi
Bosire alifika saa mbili. Mlango ulifika saa mbili na dakika tano, kichwani kwa Anyona, umechafuka kijani kwa majani, Nyanchoka akitembea nyuma kama anasindikiza jeneza.

Sikutetereka. Nilimwambia Bosire: lengo limefikiwa mbele ya macho yako! Tafadhali piga picha ya baada.

Nyanchoka akauliza mkutano mzima wa wazazi: mwizi akirudisha kuku, tumpe cheti cha ufugaji? Walicheka mpaka Bosire akavua miwani kufuta machozi. Kisha akaenda kwenye karatasi ya Persis. Imeandikwa 9, 14, 22, 27. Akawatazama watoto wakinawa, akaandika, akaandika tena.

Kamati haikuchukua hata robo saa. Persis ndiye mkuu. Mimi ni naibu wake. Walipiga makofi. Mtoto aliyenilowesha kiatu alipiga kuliko wote.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari siku mbili. Ripoti ya Bosire, nimeisoma kwa makini, inasema wazi: “mlango umerudishwa.” Yaani mbinu ilifaulu! Kosa lilikuwa mbao. Mti una mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo.

Persis ameniagiza, kwa ile sauti yake mpya, nipendekeze lengo moja la muhula ujao. Nimempelekea ujumbe sasa hivi: “Watoto wapate bembea.”

Amejibu kwamba bembea ipo.

Ipo mpaka kesho jioni. Ni ya chuma, na hakuna nyanya Nyamira nzima atakayesema imetoka kwenye mti wake.