Umri wa Kuazima

Jumatatu, 2 Juni
Ijulikane kwa wote wanaohusika, yaani mimi, mke wangu na bata sita: paa la jiko letu linabadilishwa. Tarehe 14 wakwe wanakuja kumposa binti yetu Diễm. Mke wangu amesema wakila chini ya turubai, nitahamia kwa bata.
Mkandarasi nimeshampata. Lự. Kila nilichosema alijibu, "Sawa kabisa, kaka." Muungwana.

Jumanne, 3 Juni
Kikwazo. Mnajimu kapiga hesabu: nina miaka hamsini na mitatu, mwaka mbaya wa kugusa nyumba. Lazima niazime umri wa mtu mwenye mwaka mzuri. Nimuuzie nyumba kwa jina tu, aanzishe kazi yeye, mwishoni niinunue tena kwa ubani na maneno mawili. Mtaa mzima anafaa mmoja. Thuyết, jirani ambaye hatusalimiani naye tangu ugomvi wa mtaro.

Alhamisi, 5 Juni
Thuyết amekubali kwa furaha iliyonitia shaka. Kachoma ubani, kang'oa kigae cha kwanza. Desturi inataka nisiwepo. Nikajibanza nyuma ya mitungi ya maji. Akaniona.
"Mgeni, unamtafuta nani hapa kwangu?"
Mafundi wakacheka. Mke wangu pia.
Kisha, kwa kuwa mwenye nyumba sasa ni yeye, kamfukuza Lự, kamleta Bi Tảo, fundi asiyekubaliana na mtu. Anasema dirisha nililolichora litarudisha moshi ndani. Tutaona.

Jumatatu, 9 Juni
Mkakati. Thuyết na Bi Tảo hulala mchana. Nimemwingiza Lự kwa mlango wa nyuma, amalize kwa mchoro wangu. Kaezua nusu ya paa, kaenda kula tambi, hajarudi. Mvua saa tisa. Mchele wote umelowa. Mke wangu haniiti tena Baba Diễm. Ananiita "wewe".

Jumapili, 15 Juni
Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Thuyết na Bi Tảo walifanya kazi siku nne bila kulala mchana. Jiko likaisha jana asubuhi, dirisha likiwa alipotaka Bi Tảo. Moshi unatoka.
Mimi nilisahau kuinunua tena nyumba. Wakwe walipomuulizia mwenye nyumba, Thuyết akasimama. Sinia la tambuu la posa alilipokea yeye. Kisha akanivuta mbele: "Na huyu mpangaji wangu. Mtu mwema, ila msimpe nyundo." Wakwe walicheka mpaka machozi. Diễm kaposwa.
Sasa choo. Mwaka wangu bado mbaya, lakini choo ni kidogo, nyota hazitakiona. Nimeshaongea na Lự. Anasema sawa kabisa, kaka.