Ofisi ya Malezi

Jumatatu, 5 Mei

Habari njema, ya kwanza tangu nihamishiwe huku Mwamapalala! Mwalimu Mkuu, Madamu Lucy, ametangaza kwamba shule itakuwa na Mwalimu wa Malezi. Kazi yake kusikiliza watoto, kuwafariji, kuwafundisha wema. Ana ofisi! Ilikuwa stoo, lakini ina ufunguo na kiti cha kuegemea. Ijumaa wageni wa wilaya watapima usomaji. Mwenye darasa bora ndiye atakayepewa. Mpinzani ni mmoja, Mektilda wa darasa la kwanza. Watoto humkimbilia yeye. Mimi hunikimbia. Hawajajua tu jinsi nilivyo mpole.

Jumanne, 6 Mei

Nimepima darasa langu la pili. Vitabu haba, watoto wanne hukaa sakafuni wakizunguka kimoja. Nikawaita mbele mmoja mmoja. Wanasoma kwa kujikongoja, lakini wanasoma. Isipokuwa Nyanjige. Nilimpa kitabu, akakigeuza juu chini, akatiririka kama redio! Amekariri kwa wenzake, tapeli mdogo. Nikakigeuza sawasawa. Akakwama neno la kwanza. Kisha machozi. Nikamwambia anyamaze, Mwalimu wa Malezi mtarajiwa hapendi kelele.

Jumatano, 7 Mei

Mtoto mmoja aninyime ofisi? Haiwezekani. Nimekwenda kwa babu yake, Mzee Bujiku, anayemlea. Nikamkuta zizini. Baada ya salamu za mwangaluka akaniuliza kama mjukuu anasoma, maana alishaapa kwamba akifika Juni hajui, atampeleka Zagayu akachunge ng'ombe wa shangazi yake. Mimi nilitaka tu asionekane shuleni Ijumaa. Nikasema hasomi, bora apumzike kidogo. Mzee akafunga zizi. Akasema basi, mwalimu ndiye ajuaye. Nyanjige alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nikampa pipi, akakataa. Nimeila njiani isiharibike.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi! Darasa langu halina hata mmoja asiyesoma. Mektilda alileta wawili waliokwama, akasimama nao akiwashika mabega mbele ya wageni! Hana mbinu yule mama. Ufunguo ninao.

Jumatatu, 12 Mei

Mektilda ameingia ofisini bila kubisha hodi. Akauliza Nyanjige yuko wapi. Akasema mtoto yule anasoma kuliko wote. Tangu darasa la kwanza hukaa upande wa pili wa kitabu, herufi humjia kichwa chini, ndivyo alivyozizoea. Husoma hata gunia la mbolea, mradi limepinduliwa. Alihitaji kitabu chake mwenyewe na siku chache za kuzoea. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia Januari, kwenye kikao, mbele ya walimu wote. Inawezekana. Siku ile nilikuwa natafuta pa kuchajia simu.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Bujiku. Nimechelewa. Nyanjige aliondoka Jumamosi. Mzee akasema kabla ya kwenda mtoto alichukua karatasi ya sabuni, akajaribu kuisoma vile nilivyomwonyesha mimi. Aliweza neno moja. Akaomba niambiwe.

Nilihuzunika. Kweli kabisa. Nikataka kumwambia mzee kwamba nilikosea, amrudishe. Lakini Mwalimu wa Malezi akianza kukosea wiki ya kwanza, wazazi watamwamini nani? Nikaaga.

Alhamisi, 15 Mei

Mektilda alikwenda Zagayu jana. Amerudi peke yake. Shangazi amemjibu kwamba mtoto ameshakabidhiwa ng'ombe, na kwamba aliyesema mtoto hasomi ni mwalimu, si wao. Leo Mektilda hakunisalimu. Amepita na macho mekundu, akaenda darasani kwake, na nyimbo za asubuhi hazikuimbwa.

Ofisini hajaja mtoto yeyote tangu Jumatatu. Dalili kwamba shule ina furaha.

Mchana nikampima Shija, aliyekuwa mgonjwa wiki yote iliyopita. Nikampa kitabu. Akakilaza ubavu, akasoma ukurasa mzima bila kukosea neno. Nilisikitika sana. Watoto hawa na utapeli wao! Lakini sikumgombeza, mimi sasa ni mtu wa malezi. Nimemwuliza kwa upole wote kwao ni njia ipi, na baba yake hurudi shambani saa ngapi.