Kura za Kamanda

Jumatatu, 4 Agosti
Nagombea uenyekiti wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho, hapa kijijini, Newala. Mpinzani ni jirani yangu, Mama Shakila. Yeye ana hoja. Mimi nina paka. Kila nyumba inalia na panya, kwa hiyo Kamanda atalala kwa wanachama kwa zamu, salamu zangu zikiwa naye. Mke wangu Ethel kauliza mbona paka ana vipara masikioni. Nimemweleza ni makovu ya kazi.

Jumanne, 12 Agosti
Mambo mazuri. Kina mama wanampakata. Watoto wanalala naye. Nimempa shikamoo mzee Erasto njiani, kaitikia huku anajikuna shingo. Kasifu sana paka. Nimemwahidi atarudi.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani nimeona alama za mviringo. Shingoni, mikononi, kidevuni kwa mwalimu wa kwaya. Ethel anasema ni choa, fangasi ya paka, na niwatangazie watu. Kabla ya kura? Mimi naona hivi: mwenye choa alimpokea Kamanda, na aliyempokea Kamanda ni wangu. Nimewahesabu wakati wa mahubiri. Nashinda.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimempulizia Kamanda salfa. Inaua ubwiriunga kwenye mikorosho, na ubwiriunga nao ni fangasi. Kapiga chafya, karuka ua, kaingia kwa Mama Shakila. Nilipomfuata jioni, nimekuta daktari wa mifugo kaletwa kutoka Masasi, paka kashaogeshwa, wanachama wamejaa uani wanaelekezwa: dawa hii ya paka, hii ya watu, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Mtu kauliza paka ni wa nani. Mama Shakila kawaambia wasinilaumu, pengine sikujua. Neno hilo limeniuma kuliko tusi. Kisha daktari kaniomba nivue skafu.

Jumamosi, 23 Agosti
Kura mbili. Moja yangu. Ya pili Ethel anaapa si yake.

Jumapili, 24 Agosti
Nimetafakari. Kosa lilikuwa paka. Mnyama mdogo mno, anaingia mpaka vitandani. Mwakani tunachagua wazee wa kanisa, na Bernard wa Lulindi ana beberu wa mbegu nzuri, anaweza kuzungushwa kwa mbuzi wa waumini wote. Nimekwenda kumwona. Beberu anakohoa kidogo. Bernard anasema ni vumbi, nami nimeridhika.